Kilio Kilichofika Kimwani

Mwaka ule askari wetu waliporudi kutoka vita ya Burma mimi nilikuwa na miaka tisa, na shida yangu ilianzia bandarini Bukoba. Meli ilifunga, wanaume wakateremka na makoti yao ya kijeshi na masanduku ya bati, kila mmoja akadakwa na watu wake. Mama yangu, Mawe kwa Kihaya chetu, alikuwa amefunga kitambaa kipya cha kichwa kumpokea baba, Tata. Tulisimama mpaka makuli wakamaliza kupakua na mlinzi akafunga mlango wa ghala. Tata hakuteremka. Hakuna aliyetuambia amekufa, na hakuna aliyetuambia yu hai. Tulirudi kijijini kwetu Kanazi kwa miguu, Mawe amekivua kile kitambaa, amekikunja kiganjani.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya nyasi. Juzi nilikwenda msibani kwa mwenzangu mmoja hapa hapa Bakoba, mtaa wetu wa mjini Bukoba. Nyumba ya vigae, turubai, viti vya kukodi. Lakini chumba cha ndani walikuwa wametandaza nyasi mbichi chini, kama zamani, na nilipoingia harufu ile ikanikamata puani. Wenzangu wa umri wangu mnaijua: nyasi zilizokatwa asubuhi, moshi wa kuni, na jasho la watu waliokuja mbio. Nikakaa chini, magoti yangu yakilalamika, nikasubiri kilio. Nikasubiri. Mwisho nikamwuliza kijana mmoja, "Nani analia hapa?"

"Bibi, tumeweka kwaya kwenye spika," akasema.

Nikamwambia azime. Nitawaeleza nilichofanya baadaye. Kwanza niwaambie kilio ni kitu gani, na mimi, niliyeishia darasa la tatu, kilinifikisha wapi.

Miezi michache baada ya meli ile, baba mdogo, mdogo wake Tata, alikuja nyumbani kwetu amevaa kanzu safi. Akakaa, akapewa kahawa ya kutafuna, akatafuna punje zake taratibu, kisha akamwambia Mawe, "Shemeji, mwenye mke hayupo. Huna mtoto wa kiume. Rudi kwenu kwanza, kaka akirudi atakufuata."

"Na mtoto?" Mawe akauliza.

"Mtoto ni wa ukoo. Mtoto haendi."

Kwao Mawe ni Kimwani, kule Muleba. Siku hizi unapanda gari asubuhi, mchana umekula kwao. Wakati ule, kwangu mimi, Kimwani ilikuwa mahali ambapo mtu akienda hukuti nyayo zake. Aliondoka na mkeka mmoja na chungu. Nilimfuata mpaka mwisho wa kibanja, shamba letu la nyumbani, mpaka migomba ilipokwisha, na baba mdogo akanirudisha kwa mkono. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye akawa anachuma kahawa ya Tata, anakata mikungu ya Tata, na kukaa kwenye kigoda cha Tata. Ukimwuliza, anamtunzia kaka yake.

Mimi nilibaki na Bibi, mama yake Tata. Bibi alikuwa mwanamke mkali, mwembamba, anayetembea kama anayegombana na njia. Kila jioni alipopakua ndizi alitenga sehemu ya Tata kwenye jani, akaifunika. Asubuhi nilikula mimi. Na sheria yake ilikuwa moja, kila jirani aliijua: "Mwanangu hajafa. Atakayemlilia hapa, huyo ndiye atakayekuwa amemwua." Basi hakuna aliyelia. Watu walipita mbele ya nyumba yetu kwa sauti za chini. Tulikuwa na msiba usio na ruhusa ya kuanza.

Sasa, kilio. Kwetu mtu akifa, mwanamke wa nyumba ile hupiga kilio, akimwita marehemu kwa jinsi alivyokuwa kwake: mume wangu, mwanangu, tata wangu. Jirani akisikia huacha alichoshika na kukipokea. Wa kilima cha pili anapokea kutoka kwake. Na popote kinapofika, majembe yanalala. Hakuna anayetia jembe ardhini mpaka marehemu azikwe au matanga yaishe. Watu wanakuja na kuni, na mikungu ya ndizi, na mafungu ya nyasi za kutandaza. Hiyo ndiyo ilikuwa simu yetu, na haikukosea namba.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kilio kabla sijawa mwanafunzi wa kitu kingine chochote. Bibi alinichukua kwenye kila msiba wa Kanazi kwa sababu hakuwa na wa kuniachia. Watoto wengine walicheza nje. Mimi nilikaa katikati ya wanawake, nikiwatazama koo. Niliona kwamba kilio kizuri huanza chini tumboni, karibu kama mtu anayeguna. Kisha jina linapanda. Likifika juu linapasuka. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaharibu, mliaji ananyamaza. Ananyamaza kabisa. Kile kimya ndicho mlango ambao wenzake wanaingilia. Asiyejua kunyamaza atalia peke yake mpaka akauke.

Na katika akili yangu ya mtoto nilifanya hesabu yangu. Kama kilio kinapokelewa kilima kwa kilima, basi hakina mwisho. Kinatoka Kanazi, kinavuka mto, kinapita vijiji nisivyovijua majina, na siku moja, kikiwa kizuri, kitafika Kimwani. Mawe atakuwa analima. Atakisikia, atatupa jembe, atakuja. Lazima aje. Anayesikia kilio anakuja. Tatizo lilikuwa moja tu: nyumba yetu haikuruhusiwa kulia.

Basi Krismasi ikakaribia, wakati wa senene, na mwinjilisti wa kanisa letu, kijana mrefu aliyekuwa amesomea kazi hiyo na kurudi na mambo mapya, akataka mchezo. Watu wakapewa sehemu: wachungaji wa kondoo, malaika, na Herode, aliyekuwa karani wa ununuzi wa kahawa kwa sababu ndiye pekee mwenye viatu. Lakini kulikuwa na kipande kimoja kigumu. Herode anaua watoto wa Bethlehemu, na akina mama wanalia. Mwinjilisti akawaomba wanawake wa kanisa wajitokeze.

Wanawake wakatazamana.

"Mama mmoja tu," akasema. "Ni mchezo."

"Mwinjilisti, waitu," mama mmoja mnene akajibu kwa adabu ya Kihaya kutoka nyuma, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, "wewe ndiye hujazaa. Mimi nina sita. Nilie 'mwanangu' hali wote wazima, nikirudi nyumbani nikute wangapi?"

Wanawake wakacheka, lakini hakuna aliyeinuka. Kulia pasipo mfu ni kumwita mfu. Hata pesa za Mzungu zisingewatoa pale.

Nikainua mkono.

"Wewe?" mwinjilisti akasema. "Wewe ni mtoto."

"Ndiyo maana," nikasema. "Mimi sina mtoto wa kufa."

Watu wakacheka tena, yule jirani mnene akapiga kofi akasema, "Haya, msikilizeni wakili!" Bibi hakuwapo siku ile, alikuwa anaumwa mgongo. Mwinjilisti akaniambia nijifunze maneno, "Mwana wange, mwana wange," ila nifanye mazoezi mbali na nyumba za watu. Nilimwitikia vizuri. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshafika Kimwani.

Asubuhi yake nilichukua kibuyu kana kwamba nakwenda kisimani, nikaingia ndani kabisa ya kibanja, pale migomba ilipobanana mpaka jua linaingia vipande vipande. Nikaweka mkono kichwani, kama nilivyowaona wanawake. Nikaguna. Nikasema, "Mwana wange." Hakuna kilichotoka. Sauti ilikuwa kama ya kuku aliyebanwa mlangoni. Nikarudia. Kuku yule yule. Nikakasirika. Nikaona Mawe yuko Kimwani analima na mimi huku napiga kelele za kuku.

Sijui ni wakati gani nilibadilisha neno. Najua tu kwamba mkono ulikuwa kichwani, na tumbo likaguna lenyewe, na kilichopanda kilikuwa "Tata wange." Kilipanda, kikapasuka juu ya migomba, ndege wakaruka. Nikanyamaza pale panapotakiwa kunyamaza.

Na ng'ambo ya kijito mtu akapokea.

Ilikuwa sauti ya yule jirani mnene. Sijawahi kuisahau. Ilijibu kana kwamba ilikuwa imekaa tayari muda wote ule. Nikasimama pale nimeshika kibuyu. Kisha upande wa kanisani ikapokea sauti ya pili. Kisha mbali, kilimani, ya tatu, nyembamba kama uzi. Wewe msomaji unaweza kudhani niliogopa. Sikuogopa. Niligeuza uso upande wa Muleba nikatega sikio, nikiwaza: sasa inakwenda.

Niliporudi nyumbani uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume wenye udongo miguuni, wanawake na mafungu ya nyasi, mtu na mzigo wa kuni begani. Yule jirani mnene alinikumbatia akanibana kifuani mpaka nikakosa pumzi. "Pole, mwana wange. Habari imekuja lini? Nani kaleta?"

Bibi akatoka mlangoni, mgongo umepinda, fimbo mkononi. "Mnataka nini kwangu?"

Jirani akanisukuma mbele kidogo. "Mtoto amelia, waitu. Tumesikia sote."

"Ulikuwa unalia nini?" Bibi akaniuliza.

"Mchezo," nikasema. "Mchezo wa kanisani."

Mwinjilisti, ambaye naye alikuwa amekuja mbio, alifanya uso wa mtu anayetaka ardhi immeze. "Ni kweli," akasema. "Nilimpa sehemu ya akina mama wa Bethlehemu. Ni mazoezi, jamani, rudini makwenu..."

"Akina mama wa Bethlehemu wanamlilia nani?" jirani akamwuliza.

"Watoto wao."

"Huyu kalia 'Tata wange.' Nilikuwa na jembe mkononi, sikuwa nimelala."

Watu wote wakamtazama Bibi. Nilidhani atanichapa. Nilishakaza mgongo kabisa. Alinitazama kwa muda, akatazama nyasi zile mikononi mwa wanawake, akatazama kigoda cha Tata kilichokuwa pale barazani. Kisha akamwambia jirani, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetoa kazi, "Tandaza."

Wakatandaza. Bibi akaketi chini, akafungua kitambaa chake cha kichwa, nywele zake nyeupe nikaziona kwa mara ya kwanza. Akaweka mkono kichwani. Mimi niliyekuwa nimesikia vilio vyote vya Kanazi sikuwa nimesikia kile. Kilikuwa kimekaa ndani tangu meli ile. Kilipopasuka, wanaume wakageuza nyuso.

Baba mdogo alifika msiba umeshakolea. Akaingia akipasua watu. "Nani kaleta habari ya kifo? Iko wapi? Mtoto anacheza na nyie mnakuja na kuni? Rudini mashambani!"

"Hatuwezi kurudi," mzee mmoja akamwambia. "Kilio kimepigwa, mama mtu amekipokea."

"Ni mchezo wa mtoto!"

Jirani mnene akamgeukia, mikono kiunoni. "Basi wewe nenda, shemeji. Chukua jembe, kalime, sisi tutakaa hapa tukutazame."

Jembe lake lilikuwa limeegemea ukuta, hatua chache tu. Alilitazama. Watu wote walimtazama akilitazama. Hakulichukua. Hakuna mtu wa Kanazi ambaye angelichukua.

Wengine mpaka leo wanasema nilidanganya watu. Sikudanganya. Kila mtu pale alijua baba yangu amekufa, Bibi akiwa wa kwanza. Walichokosa ni mtu wa kuanza. Niliwaanzishia.

Sasa mimi nilikaa nyasini nikisubiri Mawe. Wenzangu walilia, mimi nikasikiliza barabara. Siku ya kwanza hakuja. Siku iliyofuata hakuja. Nikaanza kuvilaumu vijiji vya katikati, kwamba kuna mahali mtu mvivu ameacha kupokea. Niliwachukia watu wa mahali nisipopajua. Kisha, siku ya tatu, jua likiwa juu, nikasikia kilio kikija kutoka njiani, maana kwetu mgeni wa msiba huanza kulia kabla hajafika. "Mume wangu, mume wangu." Nikaijua ile sauti kabla sijamwona mwenyewe.

Nikacheka. Katikati ya msiba wa baba yangu mzazi nilicheka kwa sauti, na Bibi akanifinya paja mpaka nikapata machozi ya kustahili. Mawe akaingia na vumbi mpaka magotini, kitambaa kile kile kichwani. Nikamwambia sikioni, "Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwana wange," akasema.

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba ukoo ulikuwa umemtuma kijana na baisikeli kwenda Kimwani, kwa sababu mjane lazima awepo. Sawa. Lakini kijana yule hakupanda baisikeli mpaka mimi nilipolia, kwa hiyo hesabu yangu naiacha ilivyokuwa.

Matanga yalipokwisha ukoo ukakaa. Wakati Tata alikuwa hajafa wala hajapona, hakuna aliyeweza kugusa jambo lake, na baba mdogo alikuwa ameligeuza hilo kuwa mlo. Sasa alikuwa marehemu, na mambo ya marehemu yana utaratibu. Baba mdogo akasimama akasema mjane hana mtoto wa kiume, arudi kwao.

Mkuu wa ukoo, mzee mwenye jicho moja lenye ukungu, akauliza, "Mtoto ni wa nani?"

"Wa ukoo."

"Atalala kwenye kibanja cha nani?"

Baba mdogo akakohoa.

Bibi akasema kutoka nyuma, ingawa wanawake hawakuulizwa, "Mimi mgongo umekufa. Mtoto huyu akiachwa bila mama atalia tena. Mmesikia anavyolia. Mnataka kulima mwaka huu au hamtaki?"

Wazee wakacheka mpaka rubisi, pombe yao ya ndizi, ikamwagika. Ikaamuliwa: Mawe akae kwenye kibanja cha Tata, anilee, na mazao yake yawe yetu. Baba mdogo akabeba jembe lake. Kigoda alikiacha.

Mnadhani imeisha? Krismasi ilikuwa bado. Mwinjilisti alikuja nyumbani, kofia mkononi, kutuambia amekifuta kile kipande. Watu wamesumbuka vya kutosha, akasema. Baba mdogo, aliyekuwa akipita njiani, akapaza sauti kwenye ua, "Ndiyo, kifuteni! Safari hii atamwua nani?"

Mawe alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Safari hii ni Bethlehemu, shemeji. Njoo uone. Ukipenda njoo na jembe." Kisha akamwambia mwinjilisti, "Alie."

Siku ya mchezo kanisa lilijaa mpaka madirishani. Sakafu ilikuwa imetandazwa nyasi, za sherehe safari hii, lakini pua haijui tofauti. Mbele alikaa mchungaji Mzungu na miwani yake. Herode akaingia na taji la jani la mgomba, akaamuru watoto wauawe, viatu vyake vikilia kuliko yeye. Nikatoka mimi, nimevikwa kaniki ya Bibi inayoburuta chini, na kitambaa kilichoviringishwa mikononi kikiwa ndiye mtoto. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia mamia ya watu wakinyamaza kwa ajili yangu. Niwaambie ukweli, ni kitamu kuliko asali.

Nikaguna. "Mwana wange." Hakikuwa cha kuku. Nilikuwa nimeshajua kilio kinakaa wapi, na ukishajua unaweza kukifuata ukakichukua, ukakivika neno lolote unalotaka. Kilipanda mpaka kwenye mabati. Kikapasuka. Nikanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Nikadhani hakuna atakayepokea, maana hakuna mfu. Kisha kutoka benchi la tatu, sauti ya zamani, kavu: Bibi. Halafu Mawe. Halafu jirani mnene mwenye watoto wake sita, ambaye hakutaka kuita mfu, akalia mpaka benchi likatikisika. Kanisa zima likapokea. Nje madirishani wakapokea. Herode akavua taji, akakaa chini, akajifuta macho kwa lile jani.

Mzungu akasimama. "Nani amekufa?" akamwuliza mwinjilisti kwa Kihaya chake.

"Hakuna, Bwana Mchungaji. Ni mchezo."

"Mbona na wewe unalia?"

Mwinjilisti akajipangusa macho kwa kofia yake. Na majumbani hakuna mtoto aliyekufa. Wanawake walikwenda mbio kuhesabu, wakakuta wote wapo, wakarudi wanacheka na kunishikashika mikono kama wanaonunua mbuzi. Baba mdogo alikuwa mlangoni. Hakuwa na jembe.

Yaliyofuata ni marefu na mengi mmeyasikia kwa watu. Nitayapita haraka. Nilipokua nilishuka mjini Bakoba na Mawe, tukauza mikeka na ndizi za kuchoma karibu na nyumba ya Mzee mmoja Mwislamu, ambaye wazee wake walitoka Pwani, fundi cherehani aliyekuwa na kundi la michezo ya jukwaani. Alinisikia nikigombana na mteja.

"Binti, unajua kusoma?" akaniuliza.

"Kidogo, na kwa shida."

"Unajua nini basi?"

"Nisomee mara mbili, uone."

Akanisomea sehemu ya mama mkwe. Nikamrudishia yote, pamoja na kikohozi chake mwenyewe alichokohoa katikati. Kuanzia hapo nikawa mama mkwe wa Bukoba nzima, hali sijaolewa. Wakaja watu wa sinema, Waingereza, wakapiga picha ya wakulima wa kahawa, nikatiwa humo. Walipoileta kuonyeshwa uwanja wa mpira, shuka limetundikwa, gari linanguruma, nilisimama nyuma ya watu nijitazame. Uso wangu ulipotokea, mkubwa kama nyumba, nikasikia mtu mbele anapiga kelele, "Huyo mtoto wa kaka yangu! Damu yetu hiyo! Mimi ndiye niliyemlea!" Baba mdogo. Sikumsahihisha. Mwacheni naye apate kidogo.

Kisha redio, Dar es Salaam. Nilipanda meli kwenye bandari ile ile ambayo Tata hakuteremka. Mchezo wa kwanza niliopewa nilikuwa mjane. Kijana mwenye mamlaka ya studio aliponisikia kwenye mazoezi akanisimamisha. "Mama, pale unaponyamaza ni parefu mno. Redioni kimya ni kosa. Watu watadhani mtambo umeharibika."

"Kimya hicho si changu," nikamwambia. "Ni cha wao kuitikia."

"Wao nani? Hawapo hapa."

"Nipe."

Akanipa, ameshika saa mkononi na uso wa mtu anayefukuzwa kazi. Tulikuwa tukirusha moja kwa moja. Nikaweka mkono kichwani, ingawa hakuna aliyekuwa ananiona. Nikalia, nikanyamaza, nikasikiliza ukuta wa studio. Ukuta haukujibu. Nikarudi nilikolala nikiwaza labda kijana yule alikuwa na haki.

Mawe wakati huo alikuwa amekwenda Kimwani kumwuguza mama yake. Nilipokwenda kumwona, watu walinisimulia kabla sijatua mzigo. Duka moja tu lilikuwa na redio. Mawe alikuwa amekwenda kununua chumvi. Kilio kikatoka kwenye kile kisanduku, kikapanda, kikapasuka, kikanyamaza. Na Mawe, chumvi mkononi, akapokea. Dukani wakashtuka, kisha wanawake waliokuwa pale, wangefanyaje, wakapokea na wao. Wa mashambani wakasikia. Majembe ya Kimwani yakalala. Watu wakaja na kuni.

"Ulijua ni mimi?" nikamwuliza.

Mawe akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anaijua mikono yake. "Umefika bila mtu yeyote wa katikati," akasema.

Kule msibani Bakoba juzi, kijana alipozima spika, niliweka mkono kichwani. Nina miaka mingi, na pumzi si ile. Lakini nilinyamaza mahali pake, na vijana wale, simu mikononi, hawajui hata wanachofanya, walipokea.

Leo ninavyo hivi. Nyumba ya vigae Bakoba, yenye vyumba vya kupangisha nyuma. Kibanja cha Kanazi, kahawa na migomba, mpaka wake ni ule ule, na makaburi mawili ndani yake: la Bibi na la Mawe. Ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Redio ya zamani ya mbao isiyosema tena. Picha moja ya sinema kwenye fremu. Kitambaa cha kichwa cha Mawe. Kigoda cha Tata, ambacho nimekikalia nikisema haya, mjukuu akiandika. Na jembe la marehemu baba mdogo, alilokuja kuniachia mwenyewe uzeeni, akaliegemeza ukutani na kusema, "Lichukue. Tangu siku ile halijawahi kuwa langu."